Gemu la Treni Limekuchosha? Kaa Hapa Tuongee

Leo nataka tuongee kuhusu magemu ya kuendesha treni kwenye kompyuta. Mdogo wetu mmoja aliyeko chuo Dodoma ameniandikia, na kwa kuwa wenzake wawili watatu wameshaniuliza jambo hilohilo kwa namna zao, nitalijibu kwa kirefu.

Anasema tangu apande treni ya umeme kutoka Dar es Salaam amekuwa na hamu ya kujua inaendeshwaje. Akavizia punguzo, akanunua gemu, akaliweka kwenye laptop yake. Safari ya kwanza alifurahi mno. Ya pili alifurahi kiasi. Baada ya hapo akawa anasukuma mwendo, anashika simu, anasubiri kituo kifike. Sasa anauliza: "Dada, haya magemu kweli yanaweza kumshika mtu, au nimetupa hela yangu? Kaka ananiambia reli imenyooka, usukani hakuna, sasa unacheza nini?"

Mdogo wangu, hela hujatupa. Na kaka yako ameuliza swali la msingi kabisa, kwa hiyo naanza naye.

Usukani kweli hakuna. Dereva wa treni hachagui apite wapi. Anayemfungulia njia ni mtu wa chumba cha ishara, au kompyuta inayomsaidia. Dereva anabaki na kuondoka, mwendo na kusimama. Mtu akisikia hivyo anaona kazi ni ndogo, mpaka afikirie uzito. Gurudumu la chuma likibingirika juu ya reli ya chuma halipati upinzani mkubwa, ndiyo maana vichwa vichache vinavuta maelfu ya tani. Wepesi huohuo ndio unaoifanya treni iwe ngumu kusimama. Treni ya abiria iliyo kwenye kilomita 160 kwa saa, mwendo ambao reli yetu ya SGR imejengewa, inahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama kwa breki ya kawaida. Maana yake dereva anaanza kusimama mahali ambapo kituo bado hakionekani. Anafanya kazi na kitu ambacho bado hakiko mbele ya macho yake. Hapo ndipo mchezo ulipo, na asiyepaona patamchosha haraka, wala sitamlaumu.

Ngoja nikuoneshe kituo kimoja tu, polepole.

Una treni ya umeme ya mjini, ina breki ya hatua tatu. Unakwenda kilomita 100 kwa saa. Kituo kiko kilomita mbili mbele, na kwenye kioo unaona reli, nguzo na miti. Unakata umeme, treni inaserereka yenyewe, spidi haishuki kwa kiasi cha maana. Zikibaki mita 800 unaweka breki hatua ya kwanza. Kwa sekunde moja mbili huoni badiliko, maana upepo bado unajaa kwenye silinda za breki. Kisha mshale unaanza kushuka: 95, 90, 80. Mwanzo wa jukwaa la abiria unajitokeza na wewe bado uko kwenye 60. Hatua ya pili. Sasa moyo unakwambia bana zote. Ukibana zote utasimama kabla ya alama, mabehewa ya nyuma yatabaki nje ya jukwaa, na itakubidi ujikokote mbele huku saa inakwenda. Ukichelewa kubana, kichwa kinapita alama na abiria wa behewa la mbele wanatazama nyasi. Dereva anayejua kazi, spidi ikifika 20 anarudisha breki hatua ya kwanza, na mita chache za mwisho anaiachia karibu yote, ili treni itulie bila kuwayumbisha waliokwisha simama mlangoni na mabegi yao.

Yote hayo yamechukua kama dakika moja na nusu. Sasa niambie ukweli: kwenye zile safari zilizokuchosha, ulisimama wapi? Ulipitiliza mita ngapi? Ulichelewa sekunde ngapi? Najua hukumbuki, kwa sababu hukuwa unahesabu. Anza kuhesabu hayo na utaona safari ya dakika 40 yenye vituo 15 haina nafasi ya simu.

Wajapani walilielewa jambo hili mapema sana. Mwaka 1996 kampuni ya Taito ilitoa Densha de Go!, mwanzoni ikiwa mashine ya kwenye kumbi za michezo, yenye mkono wa mwendo upande mmoja na mkono wa breki upande mwingine. Mchezaji anapimwa kwa sekunde za ratiba na kwa umbali aliosimama kutoka kwenye alama. Akibana breki kwa fujo anakatwa pointi. Hakuna adui wala risasi, na watu walipanga foleni kuicheza. Mwaka mmoja kabla yake Minoru Mukaiya, mpiga kinanda wa bendi ya Casiopea, alikuwa ameshatoa gemu lake la treni lililotumia picha za video zilizopigwa kwenye reli halisi. Kampuni yake baadaye ikatengeneza simuleta za kufundishia wafanyakazi wa reli wenyewe, na yeye akatunga milio inayopigwa stesheni nyingi za Japani treni inapokaribia kuondoka. Napenda sana habari ya mtu huyu. Mapenzi yake kwa treni yalianza kama mchezo na yakaishia kuwa kazi inayosikiwa na mamilioni ya watu kila asubuhi.

Sasa nije kwenye simu yako hiyo mkononi. Dereva wa kweli haruhusiwi kuzubaa, na reli imejaa vifaa vya kumkagua. Ujerumani kuna kifaa kinaitwa Sifa. Dereva anakanyaga pedali na lazima aiachie na kuikanyaga tena kila baada ya sekunde 30 au kabla; asipofanya hivyo taa inawaka, kisha kengele inalia, kisha treni inajifunga breki yenyewe. Uingereza kuna AWS: ukiikaribia taa ya tahadhari honi inalia ndani ya chumba cha dereva, unabonyeza kitufe kuonesha umeisikia, na usipobonyeza ndani ya sekunde chache treni inasimamishwa. Kwenye gemu la Train Sim World vifaa hivi vyote vipo, na mchezaji anaweza kuviwasha au kuviacha vimezimwa. Wengi wanaviacha vimezimwa kwa kuona ni usumbufu. Viwashe, mdogo wangu. Halafu zima zile alama zinazoelea kwenye kioo na kukwambia kituo kiko mita ngapi na taa inayofuata ni rangi gani. Zinakufanyia kazi ambayo wewe ulikuja kuifanya.

Utaniuliza: nikizima alama nitajuaje pa kuanzia breki? Utajua kwa kuijua njia. Na hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote niliyosema.

Chagua njia moja. Moja tu. Kaa nayo mpaka uijue gizani.

Madereva wa Uingereza hawaruhusiwi kuendesha kwenye njia wasiyojifunza kwanza na kuthibitisha kwa saini kwamba wanaijua: taa zake, miteremko yake, mipaka ya spidi, madaraja na mahandaki. Anayecheza gemu akibadilisha njia kila siku ni mgeni wa kudumu. Anaona mandhari, mandhari yanaisha, anachoka. Anayerudia njia ileile anaanza kuona kwamba baada ya daraja fulani kuna mteremko usioonekana kwa macho, na kwamba pale kwenye nyumba ya matofali mekundu ndipo pa kuanza kubana breki ikiwa hakuna mvua. Mvua ikinyesha, reli inateleza na nyumba hiyo haikufai tena. Unatafuta alama nyingine nyuma yake. Hapo safari ya kumi inakuwa na utamu kuliko ya kwanza.

Mfano mmoja mzuri ni reli ya Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, njia ya kama kilomita 116 ambayo imo kwenye magemu mengi ya treni tangu Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Ukitoka Settle kwenda kaskazini unapanda kwa zaidi ya kilomita 20, mwinuko wa mita moja kwa kila mita 100. Kwa gari hiyo si kitu. Kwa garimoshi la mvuke lenye mabehewa manane au kumi nyuma ni mapambano. Lazima moto uwe umeshakolezwa kabla ya mlima kuanza. Ukingoja mpaka spidi ianze kushuka ndipo uongeze makaa, umeshachelewa. Ukiingiza maji mengi kwa mara moja unapooza boila na kupoteza nguvu ya mvuke, ukiyaacha yapungue mno unahatarisha boila yenyewe. Karibu na mwisho wa mpando huo unapita juu ya daraja la Ribblehead, lenye matao 24 na urefu wa mita 400, katikati ya nyika ya upepo, na baada yake unaingia handaki la Blea Moor.

Mtu akishapita pale mara kadhaa anaanza kujiuliza nani alijenga kitu kama kile mahali kama pale. Anasoma, na anakuta kwamba katika miaka ya 1870 maelfu ya vibarua waliishi kwenye vibanda chini ya daraja lile na familia zao, na wengi walikufa kwa ajali na ndui. Anakuta kwamba katika miaka ya 1980 shirika la reli la serikali lilitaka kuifunga njia hiyo, watu wakaipigania kwa miaka, na mwaka 1989 ikaamuliwa isifungwe. Sasa akirudi kwenye gemu anaendesha kitu kingine kabisa. Mimi naamini kwa dhati kwamba gemu linalomfanya kijana afungue kitabu lina thamani kuliko bei yake, na ningefurahi kama siku moja vijana wetu wangeitengeneza reli ya kati au ya TAZARA kwa uangalifu wa namna hiyo, na sisi tukaipita jioni baada ya kazi, kituo kwa kituo.

Wapo ambao abiria hawawavutii, wanataka mzigo. Hao nawapeleka Marekani, kwenye mlima wa Sand Patch katika jimbo la Pennsylvania, njia iliyotoka na Train Sim World ya kwanza. Kupanda si tatizo, unafika juu taratibu injini zikinguruma. Tabu inaanza kwenye kushuka upande wa mashariki, maelfu ya tani zikikusukuma mgongoni. Breki za treni ya mzigo zinafanya kazi kwa upepo unaopita kwenye bomba refu kutoka kichwani hadi behewa la mwisho, na Marekani kwa kawaida bomba hilo lina shinikizo la pauni 90 kwa inchi ya mraba. Kufunga breki ni kupunguza shinikizo hilo. Mabehewa ya nyuma yanapata habari sekunde kadhaa baada ya yale ya mbele. Ukifunga kisha ukaachia, matangi madogo ya upepo kwenye kila behewa yanahitaji muda kujaa tena. Sasa dereva mwenye pupa anafunga, anaachia, anafunga, anaachia, na kila mara anapata breki dhaifu kuliko ya mwanzo, mpaka wakati anaoihitaji kweli haipo. Madereva wa kweli wameshapoteza maisha yao kwa jambo hili. Ukiwa mezani kwako hufi, lakini mikono inatoka jasho. Dawa ni kuanza kushuka ukiwa polepole, kuegemea breki ya mota kwenye vichwa, na kufunga breki ya upepo kidogo mapema na kuiacha hapohapo. Uvumilivu huo haufundishwi kwa maneno.

Basi, je, mvuto huu unadumu? Tazameni hatima ya Microsoft Train Simulator. Toleo la pili lilitangazwa, likafutwa; likaanzwa upya, likafutwa tena mwaka 2009. Kwa gemu la kawaida huo ndio mwisho. Lakini wachezaji walishajenga njia zao wenyewe, vichwa vyao, mabehewa yao, na hawakukubali vife. Wakaandika programu mpya kabisa ya bure, Open Rails, inayoweza kuendesha zile njia za zamani na mpya pia, na bado inaendelea kuboreshwa na watu wanaojitolea. Zaidi ya miaka 20 baada ya gemu la asili kutoka, kuna watu jioni hii wanaendesha njia zile. Kitu kisicho na mvuto hakiwezi kupata watumishi wa bure kwa muda wote huo.

Kuhusu hela nitasema machache, ila myasikie. Magemu haya huuzwa kwa bei ya kawaida, kisha kila njia na kila kichwa cha treni kinauzwa peke yake. Kwa gemu linaloitwa Train Simulator Classic, mtu akinunua kila kitu kilichopo ataishia kwenye maelfu ya dola. Punguzo zikija unashawishika kujaza kapu. Usijaze. Njia usiyoijua ikikuchosha, njia ya pili usiyoijua haitakuponya. Na kama huna hela kabisa, openBVE ni ya bure, Open Rails ni ya bure, zote zina njia za bure za kupakua, na kompyuta ya kawaida inaziweza. Train Sim World ni nzito, inakula gigabaiti nyingi. Fikiria bando lako kabla hujabonyeza kupakua. Umeme wetu mnaujua: kwenye Open Rails bonyeza F2 kila kituo kikubwa ili safari ihifadhiwe, usije ukakatikiwa dakika ya hamsini ukaanza upya.

Mwingine ameniandikia kwamba gemu analipenda ila anajisikia mpweke humo, treni nyingine zinapita kama vivuli. Mdogo wangu, wewe jaribu SimRail, gemu la Poland lililotoka mwaka 2023. Humo unaingia na watu wengine kwenye njia moja, na baadhi yao hawaendeshi. Wamekaa kwenye vyumba vya ishara wanapanga nani apite na nani asubiri. Treni ikisimama kwenye taa nyekundu unajua kuna mtu upande wa pili ameamua hivyo, na unaweza kumwita kwa redio. Kuna wanaoanza kama madereva na wakaishia kupenda meza ya ishara kuliko kichwa cha treni. Mimi nawaelewa kabisa, maana ukiwa na treni ya haraka, treni ya mzigo na ya abiria zote zinaitaka reli moja, kosa la dakika mbili unaliona likisambaa mpaka saa nzima.

Lakini sitaki kumlazimisha mtu. Kuna watu ambao magemu haya hayatawashika hata wafanye yote niliyosema, na hawana kasoro. Mtu anayecheza ili acheke na wenzake sebuleni, au anayehitaji kila dakika iwe na jambo jipya, treni itamlaza usingizi. Kipimo changu ni hiki: chukua njia moja fupi, zima alama za msaada, simama kwenye vituo vyote kwa kuhesabu mita. Ukifika mwisho na ndani yako kuna sauti inasema "kile kituo cha tatu nakiweza vizuri zaidi," basi wewe ni wa treni. Ukifika mwisho na umefurahi tu kwamba imeisha, lifute, pata nafasi kwenye diski, nenda kwenye mpira au magari kwa amani.

Nimalizie na dada mmoja wa Mwanza ambaye mdogo wake wa kidato cha pili ameshikwa na treni kiasi kwamba nyumbani wanaanza kuwa na wasiwasi. Dada, angalia usingizi na masomo kwanza. Hivyo vikiwa sawa, usimkatize. Mpe mpaka wa safari badala ya mpaka wa saa, kwa sababu ukimkatisha katikati ya njia umemharibia kazi nzima, wakati ukimwambia "safari moja, ukifika umefika" atakuelewa bila ugomvi. Kaa naye siku moja akuoneshe anavyosimama kituoni, na umuulize kwa nini amebana breki pale na si mbele. Atakueleza kwa urefu. Na hizo leva maalumu za kuendeshea anazokuomba zisubiri kwanza; kibodi inamtosha.